Mlima Uliopigwa Msasa

Mlima ule ulikuwa na tabia ya kuua hesabu. Kila Kitinda alipoiachia kompyuta kuu iupandishe upepo juu ya ukingo wake, mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye magenge, halafu yakapasuka. Kwenye skrini, upepo wa kawaida ulibadilika ghafla ukawa na kasi kuliko risasi. Mahali pamoja hewa ilichemka kama tanuri, na hatua chache kando yake ikaganda barafu. Kisha programu ikajifia, ikaacha mstari mmoja mwekundu. Kitinda alikuwa amezoea. Alisonya, akanywa chai iliyokwisha poa, akaanza upya.

Alikuwa kitindamimba wa nyumba yao, na jina la utani la utotoni lilimfuata mpaka ofisini. Mwenye kosa alikuwa kaka yake. Siku moja alikuja kumtafuta, akasimama mapokezi na kulia kama king'ora, "Kitinda! Kitinda weee!" hadi wakuu wa idara wakachungulia madirishani. Kaka huyo mwenyewe watu walimwita Nyundo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika bonde la mashariki, mtu wa mabega mapana, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kupiga. Alipenda kuwaambia wateja wake, "Mdogo wangu anafanya kazi ya modeli," kisha akangoja waanze kuuliza picha zake zilitoka gazeti gani. "Modeli ya hali ya hewa, nyie mabwege!"

Kazi yenyewe haikuwa na urembo. Kompyuta haiuoni mlima kama macho yanavyouona. Huigawa nchi katika miraba, na kila mraba huupa kimo kimoja tu. Kwa miaka mingi ofisi ilitumia miraba ya kilomita tisa. Katika miraba mikubwa namna hiyo, mlima mkali kama shoka ulionekana kama kichuguu, na mabonde mawili yaliyokuwa chini yake, la mashariki na la magharibi, hayakuwepo kabisa. Yalikuwa yamemezwa ndani ya mraba mmoja, kana kwamba watu wote wale waliishi juu ya meza.

Mwaka uliotangulia, miraba hiyo mikubwa ilitabiri upepo wa wastani. Upepo uliokuja ulitoka nyuma ya mlima, ukapanda ukingo, ukaporomoka upande wa pili kama maji yanayoruka bwawa. Uliliokota basi barabarani na kulibamiza kwenye ukuta wa shule. Walikufa abiria wote isipokuwa mmoja. Wiki ile wananchi walilipiga mawe gari la ofisi hadi likabaki mifupa, na dereva akashonwa kichwa.

Ndiyo maana Mkuu wa kituo, mzee mrefu aliyekaribia kustaafu, alimwita Kitinda na kumwambia, "Nataka miraba midogo. Kilomita moja. Nataka kuyaona hayo mabonde."

"Tutayaona, Mkuu. Ila mlima unaiua programu. Mteremko ukiwa mkali kupita kiasi, hesabu hazishuki salama."

"Sasa?"

"Tuupige msasa."

Mkuu alivua miwani. "Unataka kuukata mlima wa Mungu?"

"Ule wa kwenye kompyuta tu. Tunalainisha makali yake. Kila ofisi yenye milima inafanya hivyo."

"Tunapoteza nini?"

Kitinda aligeuza skrini ili mzee aone. "Ukingo unashuka kidogo. Na lile pengo la juu ya bonde la magharibi linajaa. Ni jembamba mno, msasa unalifuta."

"Na upepo haujali pengo?"

"Sidhani kama unajali sana," alisema Kitinda.

Ulikuwa ni ukweli wa siku ile, au nusu yake. Modeli mpya ilisimama kwa miguu yake. Ilikimbia bila kufa, ikachora upepo mzuri, wenye mikunjo na ndimi, na walipoirudisha kwenye ile dhoruba ya basi iliionyesha vilevile ilivyokuwa, bonde lilelile, ukali uleule. Ofisini walipeana mikono. Mkuu aliagiza soda za watu wote.

Dhoruba iliyofuata ilijionyesha mapema. Miraba mikubwa, kama kawaida yake, ilisema upepo wa kupeperusha kanga kwenye kamba. Miraba midogo ilitoa picha iliyomfanya Kitinda asimame kutoka kitini: ulimi mwekundu ukishuka kutoka ukingoni moja kwa moja hadi katika bonde la mashariki, na kasi ya kung'oa nyumba. Bonde la magharibi lilikuwa shwari.

"Una hakika?" aliuliza Mkuu.

"Modeli imerudia mara zote. Mashariki."

Kwa kweli alikuwa na wasiwasi mdogo, kama kokoto ndani ya kiatu. Kila mara alikuwa ameianzisha kutoka upepo uleule na mlima uleule uliolainishwa. Kurudia jambo si kulithibitisha. Lakini alimkumbuka yule dereva wa ofisi na damu shingoni, na alijua kwamba ofisi ikisema "labda," wakubwa wa mji watakunja mikono. Akanyamaza. Mkuu alipiga simu. Kufikia saa ya chakula amri ilikuwa imetoka: bonde la mashariki lihamishwe lote, watu wapelekwe magharibi, kwenye bohari kubwa la nafaka.

Kitinda alimpigia kaka yake.

"Nyundo, ondoka. Mchukue wifi na mtoto."

"Nina geti la mtu hapa halijakauka rangi."

"Liache. Kaka, safari hii naiona kwa macho yangu. Itapita hapohapo karakanani kwako."

Kule upande wa pili ikasikika sauti ya wifi yake akiuliza ni nani. Wifi huyo ndiye aliyemsuka Kitinda nywele siku ya kuhitimu chuo na kumwazima viatu. "Mwambie wifi namsikia," Kitinda alisema. "Mwambie asibishane na mumewe leo."

Nyundo alicheka. "Mdogo wangu akisema upepo, basi ni upepo. Tunatoka."

Alitoka, na hakutoka peke yake. Askari walikuwa wamekwisha ingia bonde lile na malori na virungu. Waliobisha walipigwa. Mabomu ya machozi yalipigwa sokoni, akina mama wakakimbia na watoto wakikohoa, mzee mmoja akadondoka mlangoni pake na kukanyagwa na watu waliokuwa wakiokolewa. Jirani wa Nyundo, kinyozi, mtu mfupi mwenye maneno mengi, alijifungia kibandani na kusema haondoki, upepo gani huo unaotangazwa kwa virungu.

"Toka, kinyozi. Dada yangu ameuona."

"Dada yako mwambie aje anyolewe!"

Nyundo aliuvunja mlango kwa teke. Kinyozi akamrushia kiti. Nyundo akampiga ngumi moja ya taya, mtu akalegea, akambeba begani kama gunia na kumtupa ndani ya lori. "Utanishukuru kesho," alimwambia. Wifi alimfuta kinyozi damu mdomoni kwa pindo la kanga yake, akimlaumu mumewe njia nzima kwa mikono yake isiyo na adabu.

Asubuhi ya pili mbingu ilikuwa safi. Ofisini walikaa wamezunguka skrini inayoonyesha vipima upepo vya mabonde yote mawili. Wingu jeupe lililolala juu ya ukingo kama mto wa kitanda lilianza kunyooka. Kitinda alilijua wingu lile. "Inaanza," alisema, na macho yake yalikuwa kwenye kipimo cha mashariki.

Kipimo cha mashariki hakikusogea. Jani halikutikisika kule. Ng'ombe walioachwa waliendelea kula.

Kipimo cha magharibi kilipanda, kikapanda tena. Mtu mmoja alisema, "Hiki kimeharibika." Kisha namba ikafika mahali ambapo hakuna aliyewahi kuiona, na kipimo kikazimika.

Kitinda alisikia sauti ikisema hapana, hapana, hapana, akatambua baadaye kwamba ni yake.

Upepo ulikuwa umelipata pengo. Ulijikamua kwenye uwazi ule mwembamba wa ukingoni na kutoka upande wa pili ukiwa na hasira ya kitu kilichobanwa, ukashuka mteremko wote bila kizuizi, ukaliangukia bohari la nafaka.

Ndani kulikuwa na bonde zima la watu. Kwanza walisikia mlio kama lori linalopanda mlima, kisha mchanga ukaanza kuchapa mabati. Milango mikubwa ya chuma ilivimba kuelekea ndani. Nyundo aliiona bawaba ikipinda, na kwa kuwa alikuwa fundi alijua kinachofuata. "Tuushike!" alipiga kelele. Wanaume wakauegemea mlango kwa migongo. Kinyozi naye alikuja, taya imevimba, akaegemea bega kwa bega na aliyemvimbisha.

Bawaba ilikatika. Mlango uliwalalia. Upepo ukaingia ndani kama ngumi inavyoingia tumboni, ukalinyanyua paa kutoka chini, na mabati yakaanza kung'oka moja baada ya jingine na kuruka ndani ya ukumbi. Bati likiruka kiubavu ni panga. Nyundo aliliona moja likipita juu ya vichwa, likigeukageuka taratibu, karibu kwa madaha, kisha likashuka mahali alipokuwa amewaacha mkewe na binti yao.

Alijikokota kutoka chini ya mlango. Ngozi ya mgongo ilibaki kwenye chuma. Kinyozi hakutoka, kifua chake kilikuwa kimevunjika, na macho yalikuwa wazi yamejaa vumbi. Nyundo alitambaa katikati ya magunia yaliyopasuka na watu waliokuwa wakipiga mayowe ambayo hayakusikika. Alimkuta mkewe amemlalia mtoto. Mtoto alikuwa hai. Alijaribu kumgeuza mkewe, akaona kilichofanywa na bati, akamwacha alivyokuwa. Akalala juu yao wote wawili mpaka upepo ulipochoka.

Waliobaki hai walizika wale waliotambulika. Kesho yake walikuja ofisini.

Hawakuja na mabango. Walikuja na vyuma vya bohari lenyewe, nondo na vipande vya fremu, na mawe mifukoni. Mlinzi wa geti alipigwa kabla ya kuuliza. Madirisha ya mbele yalivunjika yote karibu kwa pamoja. Mkuu alitoka barazani mikono juu, akaanza, "Ndugu zangu, nipeni nafasi niwaelezeni," na jiwe likamwingia jichoni. Akaanguka kwenye ngazi. Wakampanda. Walimpiga kwa viatu, kwa nondo, kwa miti ya bendera ya ofisi, na mwanamke mmoja aliyekuwa amevaa kiatu kimoja tu alikuwa akipiga kwa kile kingine mkononi, akitaja kwa kila pigo jina la mtoto.

Kitinda aliona yote kutoka ukumbini. Wenzake walikuwa wakitoroka kwa mlango wa nyuma. Mmoja alimvuta mkono akaukwepa. Alitoka nje.

"Mwacheni! Ni mimi niliyesema mashariki! Si yeye, ni mimi!"

Umati uligeuka. Katikati yake alimwona kaka yake. Shati lilikuwa limegandamana na mgongo kwa damu, na mkononi alikuwa na nondo. Hakuwa ameangalia wapi anapiga hadi wakati ule; alikuwa amewafuata wenzake kama mtu anayetembea usingizini. Sasa alimtazama dada yake.

"Ulisema umeiona," alisema.

"Kaka."

"Ulisema umeiona kwa macho yako. Nilimvunja mtu taya kwa maneno yako. Nilimwambia mke wangu, tulia, Kitinda ameiona."

"Wifi yuko wapi?" aliuliza Kitinda. Kwa kweli hakujua. Hakuna aliyekuwa amempa habari.

Swali lile ndilo lililomvunja Nyundo. Aliinua nondo na kuishusha. Kitinda aliinua mkono, na sauti ya mfupa ilisikika barazani kote, kavu kama kuni. Alipiga magoti. Nondo ikapanda tena, ikabaki juu.

Nyuma yake watu walisogea. Kijana mmoja alikuwa na dumu la petroli. "Mmalize! Wote tuwachome na mashine zao!" Mwingine alimpiga Kitinda teke la mbavu, na wa tatu akamshika nywele.

Nyundo alimpiga yule wa tatu kwa nondo begani, kwa nguvu zilezile. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akasimama, miguu yake huku na huku ya dada yake aliyelala.

"Huyu ni wangu," alisema. Alikuwa akilia, makamasi yakimtoka. "Nimempiga mimi. Damu yangu, nimempiga mimi. Mwingine akimgusa, namfukia hapahapa."

"Ameua watu wetu, Nyundo!"

"Ameua mke wangu! Mimi nimekwenda kulalamika kwako?"

Wa dumu alijaribu kupita. Nyundo alimvunja goti. Petroli ilimwagika kwenye ngazi, na bahati tu ndiyo iliyozuia kiberiti. Walipigana hapo, fundi mmoja aliyechanika mgongo na watu aliokuwa amezika nao jana yake, na alipiga kila aliyekaribia, hata wale waliomwita kwa upole, mpaka gari la askari lilipofika na wao wakampiga yeye.

Mkuu alipona bila jicho moja. Hakurudi kazini. Kitinda aliwekewa vyuma kwenye mfupa wa mkono, na askari alipokuja wodini kuandika maelezo alimwambia, "Kaka yangu amenivunja mkono. Andika hivyo. Na andika kwamba nisingekuwa hai bila yeye. Vyote viwili, usichague."

Askari alikuna kichwa. "Dada, hapa kuna nafasi ya kimoja."

"Basi geuza karatasi."

Wifi alikuwa amezikwa bila yeye kuwepo. Binti wa marehemu, aliyekuwa na umri wa kuanza kukaidi wakubwa, alichukuliwa na mama mdogo wake. Nyundo aliwekwa mahabusu akingoja kesi.

Kitinda alirudi ofisini kabla mkono haujapona, akiandika kwa mkono wa kushoto. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao na chumba bado kilinuka petroli. Alitaka kujua kitu kimoja: mlima ungesema nini kama asingeupiga msasa? Ilimbidi atafute njia nyingine ya kuzivusha hesabu kwenye magenge, njia ndefu na ya polepole, yenye miraba midogo zaidi, na kompyuta ilikufa mara nyingi kuliko zamani. Lakini hatimaye mlima ulisimama na pengo lake. Akauachia upepo wa siku ile. Ulijikamua kwenye pengo ukaanguka magharibi, juu ya bohari, kama ulivyofanya.

Angeweza kuacha hapo. Lingekuwa jibu rahisi: kosa ni msasa, dawa ni miraba midogo, tujengeeni kompyuta kubwa zaidi. Mkuu mpya, mwanamke mchapakazi aliyetoka makao makuu, alikuwa tayari ameanza kuliandika hivyo. Kitinda akajaribu jambo moja zaidi. Aliugeuza upepo wa mwanzo kidogo, tofauti ndogo ambayo hakuna kipimo kinachoweza kuiona, akauachia tena juu ya mlima uleule mkali. Ukaanguka mashariki. Akaugeuza tena. Magharibi. Tena. Safari hii haukuanguka kabisa. Ulipita juu kwa juu ukaenda zake.

Alikaa akitazama picha zile mpaka macho yakauma. Miraba midogo ilikuwa imeupa mlima sura yake ya kweli, na sura yake ya kweli ilikuwa ya mtu asiyetabirika.

Alikwenda mahabusu. Walikaa kwenye benchi la mbao, askari akiwa mlangoni. Nyundo alikuwa amekonda, nywele zimekua hovyo. Kitinda alimweleza yote, msasa, pengo, upepo uliogeuzwa kidogo. Hakuficha neno. Nyundo alisikiliza akitazama sakafu.

"Kwa hiyo usingepiga huo msasa, ungejua?"

"Ningejua kwamba unakuja. Nisingejua bonde."

"Na siku ile ulijua kwamba hujui?"

Kitinda alitaka kusema hapana. "Nilikuwa na wasiwasi. Niliunyamazia. Nilidhani watu hawamsikilizi mtu anayesema sijui."

Nyundo aliinua macho kutoka sakafuni. Kisha akapiga benchi ngumi, ghafla, kwa nguvu iliyomfanya askari ashike kirungu.

"Mimi ningekusikiliza!" alisema. "Ungeniambia hujui, ningemchukua mke wangu tukaingia shimoni pale karakanani, shimo la kukagulia magari, tungekaa humo na zege pande zote. Ningekusikiliza, Kitinda. Wewe unanijua mimi. Ulinichukulia kama watu wengine."

Kitinda aliinuka. Alipoondoka Nyundo hakumuaga.

Hakimu alimpa kifungo kifupi kwa goti na kwa bega. Kwa mkono wa Kitinda hakumpa kitu, kwa kuwa mwenye mkono alikataa kulalamika. Alitoka kabla ya msimu wa upepo, akamchukua binti yake, akafungua tena karakana. Kitinda alisikia kwa watu.

Wingu la mto wa kitanda liliporudi juu ya ukingo, Kitinda hakuiendesha modeli mara moja. Aliiendesha mara nyingi kadiri kompyuta ilivyoweza, kila mara akiugeuza upepo kidogo. Picha zikagawanyika: baadhi mashariki, baadhi magharibi, baadhi mabonde yote mawili.

"Tutangaze lipi?" aliuliza Mkuu mpya.

"Tutangaze kwamba hatujui."

"Huwezi kwenda redioni kusema hujui. Watatuchoma kweli sasa."

"Wakituchoma, watatuchoma kwa ukweli."

Mkuu alimtazama mkono uliopinda, akatazama zile mbao za madirishani, akasogea kando ya kipaza sauti.

Kitinda hakuwa msemaji mzuri. "Upepo wa kuua utashuka kesho," alisema. "Bonde gani, sisi hatujui, na atakayewaambia anajua anawadanganya. Mwaka jana niliwaambia najua. Msihame bonde kwenda bonde. Msikae kwenye jengo kubwa lenye mabati. Ingieni chini: mashimo, makalavati ya chini ya barabara, vyumba vya zege visivyo na madirisha. Kaeni humo mpaka kimya kirudi, halafu kaeni tena kidogo."

Simu za matusi zilijaa. Mtu mmoja aliahidi kumkata ulimi. Lakini asubuhi ile barabara zilikuwa tupu katika mabonde yote mawili.

Upepo ulipiga mashariki kwa ukali wa kutisha, na magharibi ukatupa mkia. Uling'oa nguzo za umeme kama meno mabovu. Ulilipindua tangi la maji la mji na kuliviringisha barabara nzima. Mzee mmoja aliyetoka kumfuata mbuzi wake aliuawa na tawi, na mume na mke walifia kitandani kwao, kwa sababu hawakuwa na redio, au walikuwa nayo na wakachoka na maneno yake. Kitinda aliyataja majina yao kwenye ripoti, juu kabisa, kabla ya namba yoyote.

Mchana simu yake iliita.

"Karakana imekwenda," sauti ya Nyundo ilisema. "Yote. Hata mashine ya kuchomelea, sijui iko wilaya gani."

"Na nyie?"

"Tulikuwa shimoni. Mtoto ana mchubuko." Kitinda alisikia mabati yakigongana mbali. "Kuna kazi huku. Kama una mkono mmoja unaofaa, njoo."

Alikwenda kwa miguu, maana barabara ilikuwa imezibwa na nguzo. Alimkuta kaka yake akivuta mbao kutoka kwenye kifusi, mgongo wake wazi, kovu kubwa likimeta kwa jasho. Hakumkumbatia. Alimwonyesha kwa kidevu rundo la mabati upande wa pili.

Binti alikuwa pale, amefunga kichwa kwa kitambaa, uso wa mama yake mtupu. Hakuamkia. Alimtazama shangazi yake kwa muda, mkono uliopinda kwanza, kisha uso. Kitinda alisimama bila kujua aweke macho wapi.

"Haya ni mazito," binti alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa kavu. Alishika ukingo wa bati la kwanza kwa gunia ili lisimkate, akamtupia shangazi yake kipande kingine cha gunia. "Shika upande wako. Na ukiona linaniponyoka, usikae kimya, sema."

"Nitasema," alijibu Kitinda, akainama.